Mtoto halali usiku? Mtazameni anavyoshinda mchana

Usiku wa mwezi wa Julai katika mji wa Mafinga huwa mrefu na wa baridi kali. Mji huu, ambao ni makao makuu ya Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, umekaa zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, kandoni mwa barabara kuu iendayo Mbeya hadi Tunduma. Ifikapo saa 3 usiku, baba aliyeshinda kwenye mashine ya kupasua mbao na mama aliyeshinda sokoni hawatamani kitu kingine ila kulala. Lakini katika nyumba nyingi yupo mmoja asiyekuwa na habari na usiku huo. Ni mtoto wa mwaka mmoja na ushei, macho yamemtoka, anacheka, anapanda juu ya kifua cha baba yake na kutaka kucheza.

Wazazi hujaribu kila njia. Wataimba, watambeba, watazima taa, watamkemea. Wapo watakaomchapa. Wapo watakaokwenda dukani kuulizia dawa ya maji yenye kuleta usingizi. Wapo pia watakaosema kuwa mtoto amepatwa na jicho la hasidi. Mwisho wa yote mama huamka kuswali Alfajiri akiwa hajapata usingizi wa kutosha, kisha anaanza siku nyingine ya kazi akiwa amechoka na mwenye hasira za karibu.

Makala hii inazungumzia jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Mara nyingi mtoto wa namna hii si mgonjwa, si mtundu, wala hakurogwa. Hajachoka. Usingizi aliokuwa anauhitaji amekwisha kuupata mchana, na ifikapo usiku mwili wake hauna deni la kulipa. Dawa yake ni kupanga upya saa zake za kulala na kuamka, na kazi hiyo hufanywa mchana.

Usingizi hauamrishwi

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukumbusha katika Suratun-Nabaa, aya ya 9 hadi ya 11, kuwa usingizi ni mapumziko, usiku ni kama vazi la kutusitiri, na mchana ni wakati wa kutafuta maisha. Mwili wa mwanadamu umeumbwa ufuate mpango huo. Hata hivyo mtoto mchanga hazaliwi akiujua. Katika wiki zake za mwanzo hulala na kuamka bila kutofautisha usiku na mchana, na kwa kawaida ni kuanzia mwezi wa pili au wa tatu ndipo saa ya ndani ya mwili wake inapoanza kushika majira.

Mwaka 1982 mtafiti Alexander Borbély wa Chuo Kikuu cha Zürich, Uswisi, alieleza kuwa usingizi huongozwa na mambo mawili. La kwanza ni mzigo wa usingizi. Tangu mtu anapofungua macho asubuhi, mzigo huo huanza kujengeka kidogo kidogo, na kadiri anavyokaa macho ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Anapolala hushuka. La pili ni saa ya ndani ya mwili, ambayo huongozwa zaidi na mwanga wa jua: mwanga wa asubuhi huiambia kuwa siku imeanza, na giza la jioni huiambia kuwa siku imekwisha.

Mambo hayo mawili yakikutana, yaani mzigo ukiwa mzito na saa ikiwa imeonyesha usiku, mtoto hulala kwa dakika chache tu. Lakini akiwa ameamka usingizini saa 11:30 jioni, na mama akamlaza saa 2 usiku, mzigo wake bado ni mwepesi. Kumbembeleza kwa nguvu wakati huo ni sawa na kumlazimisha kula mtu aliyetoka kushiba.

Hesabu ya saa 24

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu michezo, kukaa na kulala kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto wa tangu kuzaliwa hadi miezi 3 anahitaji kulala saa 14 hadi 17 kwa siku nzima. Wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 anahitaji saa 10 hadi 13.

Ni muhimu kuzingatia kuwa hizo ni saa za usiku na mchana zikijumlishwa pamoja. Hapo ndipo wazazi wengi wanapojikanganya. Humhesabia mtoto usingizi wa usiku peke yake, wakaona amelala saa sita au saba, wakahofu. Wangejumlisha na ule wa mchana wangekuta kuwa mtoto amekamilisha haki yake yote.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi 15, ambaye mama yake anauza sokoni. Usiku analala saa 4. Saa 8 usiku anaamka na kucheza hadi saa 9:30, kisha analala hadi saa 12 asubuhi. Mama anamfunga mgongoni na kuondoka naye kuelekea sokoni, naye anaendelea na usingizi humo hadi saa 2 asubuhi. Anasinzia tena saa 5 na kuamka saa 6:30 mchana. Saa 9:30 alasiri analazwa kwenye kibanda na kuamka saa 11:30 jioni.

Sasa tuhesabu. Usiku amelala saa nne, kisha saa mbili na nusu. Mgongoni asubuhi saa mbili. Karibu na adhuhuri saa moja na nusu. Jioni saa mbili. Jumla ni saa 12 kamili, kiasi kinachomfaa mtoto wa umri wake. Mtoto huyu hakukosa usingizi hata kidogo. Aliyeukosa ni mama yake. Tatizo ni mgawanyo, kwani saa tano na nusu kati ya hizo 12 zimeangukia baada ya saa 12 asubuhi.

Mbeleko, baridi na chai

Kwa wakazi wa nyanda za juu kusini yapo mambo matatu ambayo huongeza tatizo hili.

La kwanza ni mbeleko. Kumbeba mtoto mgongoni ni malezi mema yaliyorithiwa. Mtoto hupata joto, husikia pumzi ya mama yake, na mama hupata mikono ya kufanyia kazi. Hakuna anayesema mbeleko iachwe. Lakini mtoto aliyefungwa kwa khanga na kufunikwa shali juu haoni mwanga, hajongei, na mwendo wa mama humbembeleza. Atalala hata asipokuwa na haja ya usingizi. Mwongozo wa WHO uliotajwa unaelekeza kuwa mtoto asifungwe mahali pamoja, pakiwemo mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo akiwa macho. Tena unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujongea na kucheza kwa siku, na yule asiyeanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, akiangaliwa, kwa jumla ya dakika 30 kwa siku.

La pili ni baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti watoto wa Mafinga hufungiwa ndani, wamevikwa sweta mbili na kofia. Bibi anayewalea huona ni heri mtoto alale kwenye blanketi kuliko kutambaa kwenye sakafu ya saruji. Nia ni njema, ila mtoto hapati mwanga wala uchovu. Jua likishatoka na ukungu ukaondoka, mtandikieni mkeka mahali pasipo na upepo, mvalisheni soksi, mwacheni atambae, asimame, avute vitu na kuvirudisha. Saa moja ya nje kabla ya adhuhuri ina manufaa makubwa kwa usingizi wa usiku.

La tatu ni chai. Mufindi ni wilaya ya mashamba ya chai, na katika nyumba nyingi kikombe cha chai ya rangi au ya maziwa huwa cha kila mtu, hata cha mtoto wa miaka miwili anayechovya mkate wake jioni. Chai, kama ilivyo kahawa, ina kafeini. Kemikali moja ya mwilini iitwayo adenosini ndiyo inayoufanya ubongo uhisi mzigo wa usingizi, na kafeini huizuia isifanye kazi hiyo. Mtoto mwenye mwili mdogo huathirika kwa kiasi kidogo tu cha kinywaji hicho. Aidha, chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na upungufu wa madini hayo unaweza wenyewe kumfanya mtoto alale kwa kuhangaika. Mpeni mtoto uji, maziwa au maji, na chai iwe ya watu wazima.

Kumtambua mtoto asiyechoka

Kabla ya kubadilisha chochote, mzazi ahakikishe kwanza kuwa mtoto wake ni wa kundi hili. Mtoto asiyechoka huchukua zaidi ya nusu saa kupata usingizi, na muda huo wote huwa mchangamfu: anaongea, anacheza na vidole vyake, anacheka. Akiamka katikati ya usiku hukaa macho saa moja au mbili bila kulia kwa uchungu. Au huamka saa 10 alfajiri akiwa mzima, tayari kwa siku mpya. Mchana hukataa kulala, na bado jioni ana furaha.

Mtoto aliyechoka kupita kiasi ni tofauti naye. Huyu hufikicha macho, hujikwaa, hulia kwa jambo dogo, hukataa chakula, na anapolazwa hupiga kelele. Akipunguziwa usingizi wa mchana atazidi kuharibika. Anahitaji kulazwa mapema zaidi.

Wa tatu ni mtoto mwenye maradhi. Homa, sikio linalouma, kikohozi, kuharisha, au pua zilizoziba humwamsha mtoto yeyote. Huyu hapangiwi ratiba, hupelekwa kutibiwa kwanza.

Njia nyepesi ya kujua ni kuandika. Chukueni daftari la shule, na kwa siku tano andikeni saa aliyoamka, kila usingizi wa mchana ulipoanza na ulipokwisha, saa aliyolazwa na saa aliyolala kweli. Anayebaki na mtoto mchana, awe bibi, shangazi au dada wa kazi, aelezwe sababu ya kuandika ili asije akadhani anachunguzwa. Siku ya tano jumlisheni, kisha linganisheni na hesabu iliyotangulia.

Kupanga upya, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni saa ya kuamka. Wazazi wengi huanza na saa ya kulala, nao hushindwa, kwa sababu hakuna awezaye kumlazimisha mtoto kusinzia. Kumwamsha kunawezekana. Chagueni saa moja, kwa mfano saa 12:30 asubuhi, na mwamsheni saa hiyo kila siku, hata kama usiku alisumbua. Fungueni pazia, msafisheni uso, mpeni ziwa au uji. Mama anayelazimika kutoka na mtoto mapema amwamshe kabla ya kumfunga mgongoni, na amwache uso wake uone mwanga.

Hatua ya pili ni usingizi wa jioni. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, usingizi wa mchana uwe umekwisha kabla ya kuingia Alasiri. Asikatishwe kwa siku moja. Yule mtoto wa mfano wetu aliyezoea kuamka saa 11:30 jioni aamshwe saa 11 kwa siku mbili tatu, kisha saa 10:30, kisha saa 10. Kadiri usingizi huo unavyofupishwa, ule wa adhuhuri usogezwe mbele taratibu hadi uanze saa 6:30, nao utarefuka wenyewe. Hatimaye ule wa jioni utaachwa kabisa.

Hatua ya tatu ni saa ya kulala usiku. Hapa panahitajika subira, kwani mtoto atalazwa kwa muda saa ile ile anayolala kweli, hata kama ni saa 4 usiku. Lengo ni ajifunze kuwa akiwekwa kitandani usingizi huja upesi. Akishalala ndani ya dakika 15 au 20 kwa siku mbili tatu mfululizo, isogezeni nyuma kwa dakika 15: saa 3:45, kisha 3:30, na kuendelea. Kutoka saa 4 hadi saa 2:30 usiku ni hatua sita, ambazo huchukua kama wiki mbili au zaidi kidogo. Mwishoni mtoto huyo atalala kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 12:30 asubuhi, na saa mbili mchana. Jumla yake ni zile zile saa 12, ila sasa kumi kati yake ni za usiku.

Akiamka usiku wakati mpango unaendelea, asikemewe. Taa isiwashwe ila kwa haja, mazungumzo yawe ya chini, simu isionekane. Mnyonyeshe ikiwa bado ananyonya, mbadilishe nepi, mrudishe. Akiona usiku hauna burudani, na mzigo wake wa usingizi ukiwa umejengeka vizuri mchana, mchezo wa saa 8 usiku utapungua.

Kila umri na mpango wake

Mtoto aliye chini ya miezi minne haguswi na mpango huu. Anyonye kila anapohitaji, usiku na mchana, na alale anapotaka. Kinachofaa kwake ni kumzoesha tu: mchana awe kwenye mwanga na sauti za nyumba, usiku kuwe na giza na utulivu.

Wa miezi 6 hadi 9 kwa kawaida hulala mchana mara mbili au tatu, na huweza kukaa macho saa mbili hadi tatu kati ya usingizi mmoja na mwingine. Katika umri huu usingizi wa tatu, ule wa jioni, ndio wa kwanza kufupishwa. Kati ya miezi 12 na 18 watoto wengi huhama kutoka usingizi wa mara mbili kwenda mara moja, na hapa ndipo vurugu nyingi hutokea, kwa sababu walezi huendelea na ratiba ya zamani. Mwenye usingizi mmoja wa mchana anaweza kukaa macho saa tano hadi sita kabla ya kulala usiku. Kati ya miaka 3 na 5 wengi huacha kabisa usingizi wa mchana. Mtoto wa miaka minne anayekesha hadi saa 5 usiku, na anatoka darasa la awali kuja kulala saa tatu alasiri nzima, hahitaji dawa. Anahitaji kuachwa macho na kwenda chuoni kusoma Qur'ani pamoja na wenzake.

Upunguzaji uwe wa dakika 15 hadi 30 kwa mara moja, usubiri siku mbili tatu kuona matokeo. Mtoto akianza kuwa na kilio na hasira jioni, mmevuka mpaka, rudisheni kidogo.

Swala tano kama saa ya nyumba

Familia ya Kiislamu ina neema ambayo wengine huitafuta kwa kengele za simu. Siku yetu imekwisha kugawanywa. Tena Mafinga, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyakati hizo hazibadiliki sana kwa mwaka. Jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, Adhuhuri huingia karibu saa 6:30 mchana, Alasiri karibu saa 10, na Magharibi kati ya saa 12:30 jioni na saa 1 usiku hivi.

Mpango wa mtoto unaweza kufungwa kwenye nyakati hizo bila taabu. Anaamka baada ya wakubwa kumaliza Alfajiri na nyumba kuchangamka. Baada ya Adhuhuri analazwa, nao ndio wakati wa kailula, ambao Suratun-Nuur, aya ya 58, inautaja kuwa ni mmoja wa nyakati tatu za faragha watu wanapopunguza nguo zao. Adhana ya Alasiri ni alama kuwa usingizi wa mchana umekwisha. Magharibi ni alama ya kuingia ndani. Imepokewa kwa Jabir bin Abdillah (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliagiza watoto wazuiliwe majumbani usiku unapoingia, na milango ifungwe kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu. Nyumba inayolishika agizo hilo imeanza kumtuliza mtoto wake saa mbili kabla ya kitanda.

Baada ya Magharibi, basi, michezo ya kukimbizana ikome. Chakula, kuoga kwa maji ya uvuguvugu, nguo za kulalia, dua za usiku, Qul a'udhu mbili, kitanda. Mambo hayo yafuatane kwa mpangilio ule ule kila siku. Televisheni na simu ziwekwe mbali. WHO haipendekezi kabisa video kwa mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili, na kwa wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku.

Bukhari pia amepokea kwa Abu Barza (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Hukumu ya kulala kabla ya Isha haimhusu mtoto mdogo asiyewajibikiwa na swala, naye anaweza kulazwa Isha isijaingia. Bali sisi wazazi tunahusika na lile la pili. Nyumba ambayo wakubwa wanakesha kwenye tamthilia hadi saa 6 usiku itawezaje kumtaka mtoto alale saa 2?

Katika mwezi wa Ramadhani, nyakati hubadilika kwa sababu ya tarawehe na daku. Jitahidini mtoto mdogo abaki kwenye saa zake. Akiamshwa na shughuli za daku, arudishwe kulala chumba chenye giza, na saa ya kuamka asubuhi isisogezwe zaidi ya nusu saa.

Mambo ya kujiepusha nayo

Dawa za mafua, kikohozi na mzio zinazoleta usingizi zisitumike kumlaza mtoto. Kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza nguvu za kupumua na kuhatarisha maisha yake. Dawa hupewa mgonjwa, kwa ushauri wa mtaalamu wa afya.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani ili kumtafutia mtoto joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo imeua familia nzima usingizini. Nasi tumekatazwa na Mtume (S.A.W.) kuacha moto ukiwaka ndani tunapolala. Mtoto avalishwe nguo moja zaidi ya zile za mtu mzima, na aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali, bila mto, bila blanketi la kumfunika uso.

Mtoto asitikiswe kwa hasira. Ubongo wake ni laini na kichwa chake ni kizito kwa shingo yake. Mtikiso wa sekunde chache unaweza kumtia ulemavu au kumuua. Mama anayehisi kuwa uvumilivu umekwisha amweke mtoto mahali salama, atoke nje dakika chache, avute pumzi na kujikinga kwa Mwenyezi Mungu, kisha arudi.

Na kwa wanaohofia jicho, kumkinga mtoto kwa dua ni sunna, Mtume (S.A.W.) aliwakinga hivyo wajukuu zake Hasan na Husein (R.A.). Someni dua, na wakati huo huo shikeni sababu. Hirizi na dawa za kienyeji za kunywesha ziachwe.

Mpelekeni kituo cha afya mtoto anayekoroma kila usiku na pumzi kukatika, asiyeongezeka uzito kwenye kadi yake ya kliniki, aliyepauka, mwenye homa, anayelia kwa maumivu usiku, au anayelala kupita kawaida na kuamka akiwa mlegevu.

Kazi ya watu wengi

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inayataja malezi yenye mwitikio kuwa ni nguzo mojawapo ya makuzi ya mtoto. Maana yake ni mlezi kusoma ishara za mtoto na kuzijibu ipasavyo. Mpango wa usingizi ni sehemu ya malezi hayo, wala hauwezi kubebwa na mama peke yake. Mama atakuwa amejitahidi wiki nzima, kisha shangazi anakuja Jumamosi na kumlaza mtoto mgongoni saa 11 jioni kwa mapenzi tu. Kaeni pamoja, mzungumze kwa heshima, na bibi aombwe awe mshika saa.

Baba naye ana fungu lake. Imethibiti kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto ndani ya swala huifupisha, kwa kujua jinsi mama yake anavyotaabika. Ikiwa kilio hicho kilizingatiwa hata katika swala ya jamaa, baba wa leo hana udhuru wa kujifunika blanketi mama akihangaika. Achukue zamu ya kumwamsha mtoto asubuhi na kumtoa juani, au ya kumrudisha kitandani saa 8 usiku walau siku mbili kwa wiki. Kwa madereva wa malori wanaorejea siku za mwisho wa wiki, waingie kwenye ratiba waliyoikuta. Wasimwamshe mtoto saa 5 usiku kwa shauku ya kumwona.

Kwa wiki mbili au tatu nyumba itapata tabu kidogo. Zipo siku ambazo mtoto atarudi nyuma, hasa anapoota meno, anapoanza kutembea au anapotoka kuugua. Endeleeni na saa ya kuamka ile ile, na mengine yatafuata, inshaallah. Anzeni leo kwa daftari na kalamu.